Chama cha Pazia Kilivyozaliwa Sebuleni Kwetu

Neema mwanangu,

Habari za soksi za sufu, chumvi, kadi ya benki na kupiga simu kila Jumapili umekwisha kuambiwa na mama yako. Nilimsikia akizirudia hata wakati unahangaika na zipu ya sanduku. Mimi sitaongeza neno hapo. Nadhani sasa umelala, au unajifanya umelala, na huku nje, mtaani kwetu Hagsätra, bado kuna ule mwanga wa Agosti usiotaka kwenda zake. Nimekaa mezani nakuandikia jambo nililoshindwa kulisema jana kwa mdomo.

Jana pale ukumbini wanafunzi wapya walikuzunguka, wakataka uwasimulie Chama cha Pazia kilianzaje. Nilikuwa nimeshika trei ya maandazi nyuma yako. Ukacheka, ukawaambia, "Tulikosa pa kufanyia mazoezi, baba akatukaribisha sebuleni, tukakata pazia la mama, basi." Wakapiga makofi. Binti mmoja akanigeukia akatabasamu, kana kwamba mimi ndiye mzee mwema wa hadithi hiyo. Nikamtazama Ludvig, mwenzenu wa tangu mwanzo. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea kikombe chake.

Ulinisitiri. Ahsante. Lakini huko Göteborg unakokwenda kusoma watakuuliza tena, maana umeniambia kuna wenzako wanaotaka kuanzisha chama kama hicho, na sitaki waanze na uongo wa kunipendeza mimi. Kwa hiyo naiandika yote, pamoja na damu yake. Mengine uliyaona kwa macho yako. Mengine nilikuwa peke yangu.

Kilianza na begi la Dido.

Anayekusikiliza lazima ajue kwanza Dido ni nani, la sivyo atadhani ni mhuni fulani tu wa mtaani. Mama yake alikuja Sweden kutoka Bukavu akiwa mjamzito, akakutana na mama yako kanisani Hallunda, na tangu hapo ninyi wawili mkalelewa kama mapacha. Mimi ndiye niliyemfundisha baiskeli kwenye ile njia ya nyuma ya kituo. Alikuwa anaiga kila mtu, mchungaji akikohoa kabla ya sala, mama yako akigombana na simu, hata mimi nikiwa nimekasirika, hadi nasahau hasira. Mlipoingia gymnasiet, yaani sekondari ya juu, na kuchagua maigizo, sikufurahi kwa upande wako, lakini kwa Dido nilisema, huyu hana kazi nyingine duniani.

Vijana wakubwa wa genge la pale uwanjani mtaani nao walikuwa wamemwona. Walianza kwa kumtuma vitu vidogo. Kisha akaja na begi jeusi, akalifukia chini ya nguo za maigizo kwenye stoo ya shule, akakuomba usimwambie mtu. Ulilifungua ukakuta bastola. Ulimwambia mwalimu, mwalimu akaita polisi. Hukumtaja mwenye begi, lakini nani asiyejua? Kikundi chenu kikakaa chini kikapiga kura kumtoa Dido, na wewe ukanyoosha mkono pamoja na wenzako. Uliniambia baadaye kwamba mkono ule ulikuuma kuliko uliokuja kuchanwa.

Wiki iliyofuata walikuja. Mlikuwa mazoezini kwenye kile chumba cha chini cha shule. Waliingia wawili wamefunika nyuso, na Dido mbele yao kwa sababu yeye ndiye aliyejua mlango. Wakaufunga kwa ndani. Wakauliza, "Nani alisema?" Dido akageukia ukuta.

Najua ulikuwa unafungua mdomo. Ludvig akakuwahi. Huyu Ludvig mrefu, mwembamba, aliyekuwa anashughulika na taa tu na hajawahi kusema hata mstari mmoja jukwaani, alisema, "Ni mimi."

Walimpiga kwa stendi ya taa, ile ya chuma. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili usoni, akaanguka, na wakaendelea kumpiga akiwa chini. Sara, mwenzenu wa kikundi, alikuwa anapiga kelele chini ya meza. Wewe ulimrukia mmoja mgongoni, akageuka na kisu akakupasua mkono kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono. Na hapo ndipo Dido alipotoka ukutani. Alishika ile stendi ikiwa hewani, akaing'ang'ania, wakampiga na yeye mateke ya tumbo, hakuiachia mpaka mlinzi wa shule alipoanza kuugonga mlango na wale wawili wakakimbilia dirishani. Daktari alisema pigo moja zaidi Ludvig angekufa. Jicho lake la kushoto halikurudi.

Hayo yote nayajua leo. Siku ile nilijua nusu tu, na sikutaka kujua zaidi.

Nilikuwa naendesha basi mama yako aliponipigia. Alikuwa kazini kwake, hospitali ya Flemingsberg, alipoona kitanda kinasukumwa ukumbini na kiatu chako kimetokeza kwenye shuka. Sikumbuki nilifikaje. Nakumbuka mkono wako, nyuzi nyeusi zikipanda kama reli, na damu iliyokaukia kwenye nyusi ambayo hawakuwa wameifuta. Ulisema, "Baba, Dido..." Nikakwambia, "Nyamaza. Najua." Ukajaribu tena. Nikakuziba mdomo kwa kiganja, taratibu, kama baba mwenye huruma.

Mwanangu, mtu akiwa na hasira husema anatafuta haki. Mimi nilikuwa natafuta mwili wa kupiga. Wale wawili sikuwajua sura, Dido nilimjua. Ndiyo sababu nilimchagua.

Siku uliyoruhusiwa kurudi nyumbani nilimkuta anatoka kituo cha treni, amebeba mifuko ya mama yake ya sokoni. Aliponiona hakukimbia. Aliweka mifuko chini kama mtu anayetaka kuongea. Akaniita "tonton", yaani mjomba kwa Kifaransa cha Wakongo, kama alivyoniita tangu ajue kusema. Nikampiga ngumi ya mdomo. Nilisikia taya likivunjika. Ni sauti ndogo, watu hudhani ni kubwa. Alianguka juu ya maziwa ya mama yake, yakamwagika yakachanganyika na damu. Nikampanda kifuani. Nilimpiga mpaka ngozi ya vidole vyangu ikachubuka, kisha nikasimama nikaanza mateke. Watu walikuwa wamesimama mbali na simu zao.

Ulikuja mbio kutoka nyumbani, mkono umefungwa shingoni, miguu mitupu kwenye lami. Ulikuwa unapiga kelele kwa Kiswahili, wewe ambaye siku zote hunijibu Kiswidi. "Baba, mwache! Ni yeye aliyewazuia! Ni yeye!"

Mahakamani nilisema sikusikia. Nilisikia, Neema. Nilisikia kila neno, nikaelewa, na mguu wangu ukampiga teke jingine. Teke lile la mwisho halikuwa la kosa lake lolote. Ilikuwa kwamba nikiacha, itabidi nijue nimefanya nini.

Watu wameniuliza kile kitu kilitoka wapi. Nitakwambia kilikotoka, lakini si kwa ajili ya kujitetea.

Nikiwa darasa la sita Kigoma, mwalimu wetu alitunga mchezo wa siku ya wazazi. Wasichana walikuwa wachache, akanipa mimi nafasi ya bibi harusi. Nilivaa khanga za dada yangu na wanja. Nilikuwa mzuri, watu walikuwa wanacheka pale nilipotaka wacheke. Babu yako alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Alichelewa, akaingia katikati ya onyesho, akaniona. Alipita kati ya viti, akapanda jukwaani, akatoa mkanda wake wa suruali. Alinipiga mgongoni, miguuni, usoni, nikiwa nimejikunja kwenye zile khanga. Na unajua watu walifanya nini? Walicheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Walimpigia makofi babu yako. Mwalimu ndiye aliyejua, na mwalimu hakusogea.

Tangu siku ile nilichukia maigizo. Nilifikiri jukwaa ndilo lililonipiga. Ulipoanza kughani mashairi mbele ya kioo, nikawa nakuambia soma uuguzi kama mama yako. Sikukuambia sababu. Ungekuwa unaijua, huenda siku ile kule hospitali ungenipigia kelele mapema zaidi. Ukiwa na watoto, usiwafiche ulikopigwa. Wataona tu alama bila kujua zimetoka wapi, na watazikanyaga.

Mahakama ilinihukumu. Kazi ya basi ikaisha siku hiyo hiyo. Kwa kuwa sikuwa na kosa jingine niliruhusiwa kutumikia kifungo nyumbani, na pingu ya umeme mguuni. Wewe uliichora daftarini mwako, mama yako aliivalisha soksi yake mwenyewe ili isinichubue. Kuna saa za kutoka na saa za kubaki, na ukivuka mlango kabla ya saa yako, simu inalia. Nilikuwa mtu mzima anayechungwa na kidude cha plastiki.

Na shule yenu ikafunga kile chumba cha chini. Wakasema ni kwa usalama. Maigizo yakasimamishwa, mkapewa masomo ya kompyuta badala yake. Ndipo ulipoingia jikoni ukaniambia, bila kunitazama, kwa sababu miezi hiyo ulikuwa hunitazami, "Kesho wenzangu wanakuja kufanya mazoezi hapa. Wewe huwezi kwenda popote, kwa hiyo itabidi uvumilie."

Huko ndiko "kukaribishwa na baba" unakokusimulia. Sikukaribisha mtu. Nilikuwa nimefungwa na ninyi mkanikuta.

Mlikuja sita, mkasukuma kochi ukutani. Ludvig alikuwa na kitambaa jichoni, anajigonga bega la kushoto mlangoni kwa sababu haoni upande ule. Aliponisalimu alinipa mkono. Nilikaa kwenye kiti changu pembeni, mguu wenye pingu nimeuficha chini ya kingine, nikawasikiliza. Siku za kwanza hamkuigiza kitu. Mlikuwa mnakaa sakafuni mkigombana. Sara alitaka muache. Alisema shule imewatupa, nani atawajali. Ludvig akasema basi tujipe heshima wenyewe. Kuna shule, alisema, ambazo huwapa sifa wanafunzi wa hesabu na wa michezo, hakuna anayempa sifa mtu aliyefagia jukwaa.

Mkaanza kupanga. Chama cha heshima cha wanafunzi wa maigizo. Anayeingia si mwenye sauti nzuri, ni aliyefanya kazi: ameshona, amebeba taa, amefagia, amemshikia mwenzake maandishi mpaka mwenzake akayajua. Lazima apitie kazi zote. Wakati huo mlikuwa mmetundika pazia la mama yako kwenye kamba, lile la maua ya rangi ya machungwa, kutenga jukwaa na watazamaji, na mtazamaji nilikuwa mimi peke yangu. Sara akauliza hiki kinaitwaje Kiswahili. Ukasema pazia. Akalisema mara tano, likampendeza mdomoni. Hivyo jina likapatikana. Siku mliyolikata vipande vya kushona mabegani mama yako alirudi kazini akasimama mlangoni na koti lake, akatazama dirisha tupu, akasema maneno ya Kiha ambayo sitayaandika.

Nilianza kuwapenda. Nilianza kuwapikia chai ya maziwa. Nilikuwa najiona nimepona.

Kisha ukasema lile neno. Mlikuwa mnatafuta kanuni ya kwanza, Sara ameshika kalamu. Wewe ukasema, "Hakuna mtu atakayetolewa kwa kura. Tulimtoa Dido ndipo akabaki na wale tu. Nataka tumwite arudi."

Nikasema kutoka kwenye kiti, "Huyo haingii humu ndani."

Ukanigeukia. Mara ya kwanza baada ya miezi ulinitazama machoni. Ukasema polepole, kwa Kiswidi ili wenzako waelewe, "Baba, wewe ndiye wa mwisho kusema nani aingie. Yeye alimwokoa Ludvig. Wewe ulipompiga ulimwokoa nani?"

Nikainuka nikakupiga kofi.

Lilikuwa kofi la mkono wazi, kwa nguvu zangu zote, mbele ya marafiki zako, ndani ya nyumba yako, ukiwa na mshono ambao bado ulikuwa mwekundu. Kichwa chako kiligonga fremu ya mlango. Mdomo ukatoka damu. Hukulia. Ulinitazama kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukisoma.

Nilikuwa nimenyanyua mkono tena, Neema. Hilo hukuliona, kwa sababu Ludvig alikuwa amekwisha kusimama kati yetu. Alisimama upande wa jicho lake zima ili anione vizuri. Mtoto aliyepasuliwa uso kwa chuma anasimama tena mbele ya mkono wa mwanaume. Akasema, "Här slår man inte."

Hapa hapigwi mtu.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuambia vua viatu. Nikabaki na mkono hewani. Nikasikia, wallahi nilisikia, zile kelele za watu wa Kigoma wakicheka, na mwalimu wangu ambaye hakusogea. Na huyu hapa mtoto mmoja amesogea.

Sara akainama akaandika. Hivyo ndivyo kanuni ya kwanza ya Pazia ilivyopatikana. Jana uliwaambia watoto wale kwamba ilikuja yenyewe. Ilitoka kwenye mkono wangu na mdomo wako. Anayeapa leo kwa maneno hayo anaapa dhidi yangu, na sawa kabisa, nataka waape.

Mama yako alipojua aliniambia kitu kimoja tu. "Ukimgusa tena, ile pingu itakuwa ndogo." Akalala chumbani kwako mpaka kifungo changu kikaisha.

Dido hakurudi mara moja. Taya lake lilikuwa limefungwa nyaya, alikuwa anakunywa supu kwa mrija. Lakini ulikwenda kwake, ukaongea naye, sijui mliongea nini, na baada ya hapo alikwenda polisi akawataja wale wawili. Mmoja alikamatwa. Mwingine akapotea mtaani, na kila mtu alijua anamtafuta nani.

Tulifika usiku wa onyesho la kwanza. Mliazimwa ukumbi wa kanisa, viti vya kukunja, pazia jipya. Pingu yangu ilikuwa imetolewa, na Ludvig alinipa kazi ya kupokea makoti mlangoni. Nilijua anachofanya. Kwenye Pazia kila mtu hupitia kazi.

Mchezo ulikuwa umekwisha kuanza nilipomwona Dido nje, ng'ambo ya barabara, amesimama kwenye theluji bila kofia. Alikuja kuona na alishindwa kuingia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mlangoni. Nikasogea pembeni. Nikamwashiria kwa mkono, ingia. Akaanza kuvuka.

Yule mwingine alitoka kati ya magari. Sikuona kisu, niliona tu Dido amesimama ghafla na uso wa mtu aliyesahau jambo. Alichomwa pajani, mara mbili, na mara ya tatu tumboni alipokuwa anaanguka. Nilikimbia. Nilimdaka yule kijana mkono, nikauzungusha, kisu kikaanguka, nikamlaza juu ya theluji nikamkalia kifuani. Kitambaa cha uso kikatoka. Alikuwa mtoto. Ndevu hazijaota. Ngumi yangu ilikuwa tayari, na ninakuambia kweli, ilikuwa na furaha. Hatimaye nilikuwa na yule hasa.

Pembeni yangu Dido alikuwa anavuja. Damu ya paja haitoki kama ya mkono, inaruka. Iliruka mpaka kwenye kiatu changu. Hakuwa anapiga kelele, alikuwa anajaribu kuiziba kwa glavu.

Sikuwa na mikono minne. Nilimwachia yule. Nilisikia miguu yake ikikimbia na sikugeuka. Nikavua koti langu nikalikunja nikalibana kwenye lile paja kwa magoti, na mikono nikaibana tumboni, nikalala juu yake kwa uzito wangu wote. Dido alinitazama. Alipoona ni mimi niliye juu yake tena, alifunga macho na kujikunja, akisubiri kipigo. Sitasahau, hata nikizeeka nikasahau jina langu. Nilikuwa namwambia, "Nakuziba, mwanangu, nakuziba tu," na yeye akijilinda uso.

Ninyi ndani mlikuwa mnaigiza. Nilisikia watu wakipiga makofi ukutani kwa ndani, na mimi nimelalia damu, mpaka gari la wagonjwa likaja.

Yule kijana alikamatwa baadaye. Watu wengine waliniambia ningemshikilia. Wewe ukiwa na mikono miwili tu, mwanangu, angalia kwanza nani anavuja.

Mlimwapisha Dido wodini Flemingsberg. Mama yako alikataa mshumaa wa kiapo kwa sababu ya oksijeni, mkawasha taa ya simu. Sara alisema hajatimiza kazi za kutosha, mkabishana pale pale juu ya kitanda chake, mpaka ukasema kufagia alikofagia kabla hamjamtoa kunahesabika. Ludvig akambandika kipande cha pazia kwenye gauni la hospitali. Akawa wa kwanza kuvaa. Nilikuwa nimesimama koridoni, nachungulia kwenye kioo cha mlango.

Mlipoondoka niliingia. Hili hulijui, hakuna anayelijua. Taya lake limepona likielekea upande, ukimtazama kwa mbele ni kama anataka kucheka. Nikasema, "Dido, nimekuja kuomba msamaha. Ulikuwa umefanya jambo la kiume na mimi nikakupiga kama mbwa. Naomba unisamehe."

Mashine ilikuwa inalia taratibu.

"Siwezi, tonton," akasema. "Nimejaribu. Siwezi."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikageuka nitoke.

"Lakini keti," akasema.

Nikavuta kiti nikaketi. Alilala, akawa anashtuka usingizini, kila akishtuka ananiona nipo, analala tena. Mama yake alipokuja na chakula alisimama mlangoni, na mimi nikainuka kumpisha, lakini hakunifukuza wala hakunisalimu. Alizunguka akakaa upande wa pili wa kitanda. Tukabaki hivyo watatu mpaka taa za kesho yake zikawashwa. Sasa Dido yupo kaskazini kwa shangazi yake, mbali na mtaa. Hajanisamehe. Simdai. Kuna mambo mtu hujipatia kwa kuomba, na kuna mengine hupewi, na inabidi ukae karibu nayo bila kuyagusa.

Neema, kofi lile sijawahi kukuomba radhi. Nilipika chai, nilibeba makoti, nilishona vipande vya pazia kwa vidole hivi vinene, nikitumaini utaona ni ombi. Ombi ni maneno. Haya hapa: nilikukosea, nisamehe. Usinijibu kwa huruma kwa sababu unaondoka.

Treni ni ya asubuhi, na mama yako atataka tufike mapema mno. Kutakuwa na muda wa kukaa pale benchini. Kama huwezi kunisamehe, usiseme kitu. Sogeza tu begi lako, nikae.

Baba yako